Mgeni Niliyekataa Kumwita Wifi

Namrudishia Mungu sifa zake kabla sijasema neno lingine. Leo asubuhi ameniamsha nikiwa na magoti yanayouma lakini yanayonibeba, na macho yanayoona mistari ya daftari bila miwani kukiwa na jua la kutosha. Amenipa wajukuu. Amenipa uvumilivu ambao sikuzaliwa nao. Na kwa zaidi ya miaka thelathini amesikiliza jambo ambalo nimekuwa nikimwambia Yeye peke yake. Nimeona si haki kuendelea kumbebesha Mungu siri ambayo watu pia wanastahili kuijua.

Siku hizi naishi Mabira kwa binti yangu Koku. Mwaka 1994 nyumba yetu ilikuwa upande wa Songambele, nyumba ya mwisho kabla ya mteremko unaoshuka kwenye mto Kagera. Ng'ambo ya mto ni Rwanda. Hewa ikiwa safi baada ya mvua tuliona vilima vyake, kimoja nyuma ya kingine, na tulivizoea kama mtu anavyozoea ukuta wa jirani.

Nianze na siku ya kawaida. Ilikuwa Jumanne baada ya Pasaka. Nilikuwa nimepalilia maharage chini ya migomba tangu alfajiri, nikarudi kumpelekea mama mkwe wangu maziwa kwenye kikombe cha bati. Alionja, akakiweka chini.

“Haya yametoka kwa ng'ombe au kwa mgomba?”

“Kwa ng'ombe, mama. Baba Koku amekamua mwenyewe.”

“Basi yalipita mkononi mwako yakasahau yalikotoka.”

Mume wangu, Baba Koku, alikuwa mlangoni akichonga mpini wa jembe. Hakuinua macho. Alikuwa mtu mwema asiye na maneno. Angeweza kukaa nami kuanzia chakula cha mchana hadi jioni na kusema mambo mawili, yote ya kupe.

Ni lazima nieleze kikombe kile cha bati. Mume wangu alitoka katika ukoo wa wafugaji, mimi nilitoka katika familia ya wakulima wa migomba na kahawa, Walutheri wa hapa hapa Mabira. Nilikuwa nimesoma miaka miwili chuo cha Biblia na nilifundisha akina mama kanisani, lakini kwa mama mkwe nilikuwa binti wa migomba. Mwaka wa kwanza wa ndoa niliosha kyanzi chake kwa sabuni ya mche. Kyanzi ni chombo cha maziwa kilichochongwa kwa mti, chenye mfuniko uliofumwa uliochongoka juu. Hakiguswi na sabuni hata kidogo. Husuguliwa, kisha hufukizwa kwa moshi wa majani maalumu mpaka ndani kunukie, na maziwa yakikaa humo yanapata utamu ambao watu wa ng'ombe wanautambua wakiwa wamefumba macho. Kile cha mama mkwe kilikuwa cha mama yake. Alikinusa, akalia machozi. Kisha akakitundika juu, mahali ambapo mkono wangu haufiki, na tangu siku hiyo maziwa yake nilimpa kwa kikombe cha bati.

Siku mbili baada ya Jumanne ile, redio ikasema ndege ya rais wa nchi ya ng'ambo imeanguka.

Wajukuu wangu wananiuliza ilikuwaje nchi ndogo vile ikafika pale. Nawajibu kama nilivyosikia kwa wakubwa na kama nilivyoishi mwenyewe. Zamani kule kulikuwa na mfalme, na huku Karagwe kulikuwa na mfalme, na mto haukuwa mpaka wa mtu mwenye ng'ombe. Watu walivuka kutafuta chumvi, fahali wa mbegu, mke. Wadachi, yaani Wajerumani, wakaja wakatawala huku na kule. Wakashindwa vita vyao, na wazungu wenzao wakagawana: Wabelgiji wakachukua ng'ambo, Waingereza wakachukua huku, mto ukawa mstari. Wabelgiji hawakumwondoa mfalme wala watemi wake. Waliwatumia. Kisha wakawahesabu watu na kumpa kila mmoja kadi iliyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Majina hayo yalikuwepo tangu zamani, na hata zamani hayakuwa na haki sawa, lakini mtu aliyepata ng'ombe aliweza kuhama kutoka jina moja kwenda lingine, na aliyefilisika pia. Wino ulizuia kuhama. Kabla Wabelgiji hawajaondoka, waliokuwa chini waliinuka, nyumba zikachomwa, mfalme akaondolewa, na wengi wakavuka mto kuja kwetu. Uhuru ukaja, jamhuri ikaja, wanajeshi wakaipindua, na kadi zikabaki zile zile. Watoto wa waliokimbia walikulia huku wakichunga, na mwaka 1990 vijana wa aina hiyo walianza kupotea vijijini mwetu mmoja mmoja. Tulisikia wameingia ng'ambo kutoka kaskazini na bunduki.

Hiyo ndiyo historia yenyewe. Niliisimulia kwa miaka mingi kama habari ya watu wengine.

Veneranda alifika kwetu asubuhi moja, karibu wiki mbili baada ya ndege kuanguka. Nilimkuta amesimama kwenye birika la udongo la kunyweshea ng'ombe. Nguo yake ilikuwa imekauka na matope mpaka kifuani. Miguu yake ilikuwa imechanwa na mafunjo. Alikuwa na umri kama wangu.

Alizungumza lugha ya kwao, ambayo watu wa mpakani tunaisikia vizuri. Hakuomba maji wala chakula. Alisema, “Natafuta nyumba ya Kabyemera. Mimi ni mjukuu wa Gasana, aliyekula naye buni.”

Kabyemera alikuwa babu wa mume wangu. Mama mkwe, ambaye siku hizo aliinuka kwa kushikwa mikono, aliinuka mwenyewe.

“Gasana wa fahali mweusi?”

“Huyo huyo, mama.”

“Ingia. Hapa ni kwenu.”

Kuna desturi iliyoitwa omukago. Watu wawili wasiozaliwa pamoja walichanjwa kidogo karibu na kitovu, wakachukua punje mbili za buni zilizotoka katika tunda moja, wakazipaka damu, na kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenzake. Kuanzia hapo walikuwa ndugu, na watoto wao ndugu, na wajukuu pia. Hawaoani. Hawanyimani mlango. Na atakayemkana mwenzake, buni ile humvimbia tumboni.

Kwa desturi hiyo Veneranda alikuwa dada wa mume wangu. Mama mkwe alimpa kahawa za kutafuna, akanigeukia mimi.

“Msalimie wifi yako.”

Nilisema, “Karibu, mgeni.”

Kanisani tulifundishwa kwamba omukago ni kiapo cha giza, kwamba Mkristo ana damu moja tu inayomfanya ndugu, nayo ni ya Bwana. Mimi mwenyewe niliwafundisha akina mama hivyo. Siku ile nilidhani naitetea imani. Kwa kweli nilikuwa nimeona jinsi mama mkwe alivyomshika uso kwa mikono miwili. Mimi hakunishika hivyo, hata siku ya harusi.

Wiki moja haikupita, kyanzi kikashushwa.

Veneranda alikisugua, akatafuta majani bondeni, akakifukiza akiwa amekigeuza kifudifudi juu ya chungu kidogo cha moto, bila haraka, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mama mkwe alikunywa, akafumba macho, akasema, “Sasa naweza kufa.” Baba Koku alikunywa, akaomba tena.

Mimi, kwa miaka mitano ya ndoa, hakuwahi kuniomba niongeze chochote.

Veneranda alikuwa mkimya mchana kutwa, lakini jioni ng'ombe wakirudi alisimama zizini na kuwasifu kwa mashairi ya kwao, pembe kwa pembe, rangi kwa rangi. Mume wangu alisimama karibu akisikiliza. Wakati mwingine alimjibu kwa sifa za kwetu. Siku moja alicheka. Nilikuwa jikoni namenya ndizi, kisu kikasimama mkononi. Nilikuwa sijui kwamba mume wangu ana pengo la jino la nyuma, kwa sababu sikuwahi kumwona akicheka mdomo wazi.

“Mnazungumza nini huko?” nilimuuliza usiku ule.

“Ng'ombe.”

“Ng'ombe tu?”

“Mama Koku, mwanamke yule amefiwa.”

“Amekuambia wewe. Mimi hajaniambia.”

“Hukumuuliza.”

Ni kweli, sikumuuliza. Aliwahi kusema mwenyewe, tukiwa tunachambua maharage, bila kuniangalia, “Walikuwa watatu.” Nilijua anazungumzia watoto. Nilimwambia, “Bwana akutie nguvu,” nikaendelea kuchambua. Neno lile la faraja nimelitumia misibani maisha yangu yote, na lile la siku ile ndilo pekee ninalolionea aibu.

Kisha Baba Koku akasema tusipeleke tena ng'ombe mtoni.

“Kwa nini?”

“Maji yana watu.”

Watu wakaacha kula samaki. Harufu ilipanda mteremko upepo ukigeuka. Tukawa tunawanywesha ng'ombe kwa maji ya kisima, ndoo kwa ndoo.

Lakini nikagundua kwamba yeye na Veneranda walikuwa wanashuka bondeni asubuhi, wawili, wakati mimi nikiwa shambani. Waliondoka kwa kutengana kidogo, yeye mbele, mwanamke nyuma. Nilihesabu asubuhi tatu. Asubuhi ya nne niliacha jembe, nikawafuata.

Nawaeleza kama ilivyokuwa. Sikuwa naogopa vita. Nilikuwa naomba niwakute.

Nilishuka nikijificha kwenye nyasi ndefu. Nilisikia sauti ya mume wangu kabla sijamwona. Ilikuwa ya chini, ya upole.

“Huyu?”

“Siye.”

Nikasogea.

Alikuwa amesimama kwenye maji mpaka magotini, ameshika mti mrefu. Mti ule aliutumia kuvuta vitu kutoka kwenye mafunjo. Havikuwa vitu. Alimvuta mmoja mpaka ukingoni, akamgeuza uso juu, taratibu, kwa heshima. Veneranda aliinama akatazama.

“Siye.”

Akamsukuma tena kwenye mkondo. Akavuta mwingine. Mdogo.

Veneranda alitazama muda mrefu.

“Siye,” alisema, akayumba.

Mume wangu akamshika mkono, juu ya kiwiko, asianguke majini.

Hapo ng'ambo wakapiga risasi.

Sikujua ni risasi. Nilidhani ni matawi yanavunjika. Kisha maji yakaruka karibu nao.

Baba Koku akamwangusha chini, akalala naye kwenye matope.

Mimi nililala kwenye nyasi. Mdomo wangu ulijaa udongo. Niliona ng'ambo watu watatu au wanne, wamesimama tu, wakiwatazama. Mmoja alikuwa na kofia nyekundu.

Risasi moja tena.

Kisha wakaondoka, kama watu waliochoka kungoja.

Mungu anisamehe kwa ninachoandika sasa. Nikiwa pale chini, kati ya maiti na risasi, jicho langu lilikuwa bado kwenye mkono wake alioushika juu ya kiwiko. Nilirudi shambani kwa njia nyingine. Walipofika nyumbani wamejaa matope nilikuwa nimeshaivisha chakula, na niliwauliza kama wameanguka.

Mwisho wa mwezi ule wa nne, waliokimbia wakafurika. Vita vilikuwa vimegeuka ng'ambo. Wale wenye bunduki kutoka kaskazini walikuwa wanashinda, na sasa wengine ndio waliokimbia, maelfu kwa maelfu, na magodoro, na baiskeli, na mbuzi. Wengi walikuwa watu wasio na kosa, wenye njaa na watoto mgongoni. Tuliwapa ndizi mpaka migomba ikabaki shina. Lakini katikati yao walikuwemo wenye mapanga yao bado, yale waliyoulia majirani zao. Vita vilivyokuwa ng'ambo vikawa vinapita uani kwetu vikiomba maji.

Siku moja Veneranda alirudi kutoka kisimani bila ndoo.

“Maji yako wapi, mgeni?” nilimuuliza.

“Mama Koku, kuna mtu pale. Alikuwa jirani yetu. Ameniita kwa jina.”

“Na ndoo?”

Alinitazama. “Nimeiacha.”

Nilikwenda kuifuata ndoo. Mtu huyo alikuwa bado pale, amekaa kwenye jiwe, mtu wa kawaida, ana ndevu chache. Aliniamkia kwa adabu. Aliniuliza yule mwanamke anakaa nyumba ipi, na kama ana watu wake huku. Nilimwambia sijui. Siku ile bado niliweza kusema uongo mwema.

Kwa hiyo nilijua. Msomaji asije akanitetea kwa kusema sikujua.

Mwezi wa sita ukafika. Baba Koku alikuwa amehamisha ng'ombe kwenda nyanda za ndani, mwendo wa siku mbili, kwa sababu mifugo ilikuwa inaibwa. Kabla hajaondoka alituita sote, akasema maneno mengi kuliko kawaida yake. Aliniambia mimi, “Veneranda asitoke uani. Akiulizwa na yeyote, ni dada yangu. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Sema.”

“Nimesikia, Baba Koku.”

Alingoja kidogo kama anayetaka niseme neno lenyewe. Kisha akaenda.

Siku ya tatu likaja lori. Ilikuwa imetolewa amri kwamba wote waliovuka wapelekwe kambini. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametangaza kwamba mwenye ndugu kijijini ataachwa kwa sasa, mradi mwenye nyumba athibitishe. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa nyumba za juu na maofisa wengine. Kwetu alikuja karani mmoja, kijana mgeni wa mkoa huu, shati limelowa jasho, ana daftari na kalamu ya bluu. Mimi nilikuwa uani nageuza buni juu ya mkeka. Nilikuwa nimezishika mikononi, viganja viwili vimejaa.

“Shikamoo mama. Kuna mkimbizi hapa?”

Veneranda alikuwa mbele ya kibanda cha jikoni anafukiza kyanzi. Karani alimwona mwenyewe.

Mama mkwe alitoka ameegemea ukuta. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Alizungumza Kinyambo, lugha yetu, kwa sauti kubwa kama watu wanaoongea na kiziwi. Alimtaja Kabyemera, akamtaja Gasana, akataja fahali mweusi, akajipiga tumboni kuonyesha buni ilipoingia. Alisema, “Huyu ni mtoto wangu. Mwambie, binti. Mwambie kama nilivyosema.”

Karani akanigeukia. “Bibi anasema nini?”

Nilimtazama Veneranda. Alikuwa ameinua uso. Kiswahili alikuwa hakijui, lakini alijua kinachoulizwa. Mtu wa nchi ile aliijua kalamu juu ya daftari tangu babu zake.

“Anaeleza mila za zamani,” nilisema. “Babu zao walikuwa marafiki.”

“Kwa hiyo ni ndugu au si ndugu?”

“Si wa kuzaliwa.”

“Mama, nina nyumba arobaini leo. Ni ndugu wa nani hapa?”

Nilisema, “Hana ndugu hapa.”

Nilisema kwa utulivu, kama mwalimu wa Biblia. Kila neno lilikuwa la kweli kwa mafundisho niliyoyapata. Akaandika. Niliangalia kalamu inavyokwenda, na hapo nikamkumbuka mzungu yule wa hadithi aliyegawa kadi, ambaye kwa miaka yote nilimwona mtu mbaya wa mbali sana.

Mama mkwe aliniuliza, “Umemwambia?”

“Nimemwambia.”

“Mbona anamwita kwenye gari?”

Niliziangalia buni mikononi.

Veneranda hakupiga kelele. Alikuja na kyanzi mikononi, bado kina joto, akanipa. Buni zilinimwagika nikipokea. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Hakijakolea. Kimalizie.” Kisha, akiwa ameshageuka, “Na usikioshe kwa sabuni, Mama Koku.” Nadhani alitaka kunichekesha. Nimefikiri miaka yote na sijapata tafsiri nyingine. Alipanda lori akishikwa mkono na wanawake waliokuwa tayari juu.

Baba Koku aliporudi alitazama uani, akatazama jikoni. Mama yake alikuwa amelala na uso ukutani.

“Walisemaje?”

“Waliuliza kama ana ndugu.”

“Ukasemaje?”

“Nilisema ukweli.”

Alikaa chini. Akasema, “Nilijua ulitufuata mtoni. Nyasi zililala njia mbili. Nikadhani umeona.”

“Niliona.”

“Basi sielewi,” alisema.

Alichukua baiskeli akaenda kambini. Alikaa huko siku sita, akilala chini ya turubai la watu asiowajua. Mwanamke mmoja mzee alimwambia kwamba Veneranda alifika, akapewa blanketi na sufuria, akalala siku tatu karibu naye. Siku ya nne walikuja wanaume watatu, mmoja mwenye ndevu chache, wakasema wanatoka kijiji kimoja naye na kwamba wenzao wanamngojea. Aliacha blanketi limekunjwa. Hakurudi kulichukua.

Zaidi ya hapo hatujui. Wakimbizi walirudishwa kwao miaka miwili baadaye, na Baba Koku alisimama barabarani siku nyingi akitazama nyuso zikipita, kama alivyotazamwa mtu mmoja mmoja pale mtoni. Hakumwona.

Hakunipiga. Hakunifukuza. Hakumwambia mtu kanisani, nami nikaendelea kufundisha. Alifanya jambo moja tu: hakunywa tena maziwa. Mtu wa ng'ombe, mtoto wa watu wa ng'ombe, alikunywa chai ya rangi kwa miaka kumi na tisa, asubuhi na jioni, mbele yangu. Mama mkwe alifariki kabla mwaka ule haujaisha. Siku za mwisho nilimfukizia kyanzi kama nilivyomwona Veneranda akifanya, nikamletea. Alinusa, akasema ni kizuri. Hakunywa.

Baba Koku aliugua tumbo. Lilivimba. Majirani walinong'ona kwamba ni buni ya Kabyemera. Daktari alisema ni ini, na mimi namwamini daktari. Lakini nimewaza hivi: kama ingekuwa buni, ingekosea njia. Yeye hakumkana mtu. Aliyekana ni mimi, na mimi nipo, tumbo langu halina shida, nala vizuri, nalala vizuri. Neema ya Mungu nimeihubiri nikiwa kijana kama kitu kitamu. Sasa najua inaweza pia kuwa kitu kizito, kupewa miaka ambayo ingekuwa ya mwingine.

Nitasema na lililobaki, kwa kuwa nimeamua kusema. Wivu haujaniisha. Usiku aliokufa mume wangu, karibu na alfajiri, alianza kuongea bila kufungua macho. Alikuwa anasifu ng'ombe, pembe kwa pembe, kisha ananyamaza kama anayengoja mtu ajibu. Mimi sikuyajua mashairi yale. Nilimshika mkono juu ya kiwiko. Alingoja, akasifu tena, akangoja. Nilimwonea wivu Veneranda, ambaye huenda alikwisha kufa, nikiwa nimebakiza saa chache niwe mjane, mwenye umri wa kutosha kujua vizuri.

Mwaka jana walipita makarani tena hapa Mabira, wanaandikisha kaya. Alikuja binti mwenye simu kubwa ya kuandikia, kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimpa kahawa za kutafuna. Aliziangalia akacheka, akasema kwao hawazijui, akatafuna moja akakunja uso.

“Bibi, nitajie watu wa nyumba hii.”

Nikamtajia Koku, mume wake, watoto. Nikajitaja mimi.

“Wengine?”

“Andika Veneranda.”

“Ni nani yako?”

“Wifi yangu.”

“Yupo sasa hivi?”

“Hayupo.”

“Amesafiri au amefariki?”

“Sijui, mwanangu. Walimchukua mwaka 1994.”

Akashusha simu. Alikuwa na huruma usoni. “Bibi, kama hayupo siwezi kumwandika. Mfumo haukubali.”

“Najua,” nikamwambia. “Nilitaka tu uniulize.”

Alikaa kidogo kabla ya kuaga. Akaomba kahawa moja zaidi, nadhani kwa ajili yangu, akaiweka mfukoni. Kyanzi kiko kwenye kabati la Koku. Nakifukiza kila mwezi, na hakitiwi maziwa.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu wa amani akulinde utokapo na uingiapo. Akupe mlango wa kumfungulia mtu, na siku ukiulizwa mbele ya kalamu huyu ni nani yako, aujaze ulimi wako neno jema kabla moyo wako haujapata nafasi ya kujibu. Amina.